Nilivyosimamisha malipo ya jimu bila kununua barua ya daktari

Jamani niko huku Uingereza, mwezi wa pili nikateleza kwenye barafu mlangoni kwangu, goti likavimba kama papai. Nikawapigia jimu wanisimamishie malipo miezi miwili, wakasema poa ila lete barua ya daktari. Nikajua kazi ndogo, kumbe! Dada wa mapokezi pale kwa GP, yaani daktari wa mtaani, ananiambia barua za hivyo haziko kwenye huduma ya NHS, ile ya afya ya serikali, unalipia mwenyewe, paundi 35 na usubiri wiki nne. Jimu yenyewe paundi 16 kwa mwezi, sasa hapo naokoa nini?

Nikataka nifute dairekti debiti benki, yale malipo yanayokatwa yenyewe kwenye akaunti, niwakomeshe, mshikaji akanizuia, mkataba unabaki palepale na deni watakudai tu.

Kilichonisaidia ni fiti noti, ile karatasi ya kumwonyesha bosi kwamba unaumwa. Ukiumwa zaidi ya siku 7 unapewa bure, na tangu 2022 hata mtu wa fiziotherapia, tiba ya viungo, anaweza kukuandikia, sio lazima daktari. Mie nafanya kazi ghala, kusimama kutwa, kwa hiyo nilikuwa naihitaji kweli, nikamuomba yule wa fizio akaniandikia wiki sita palepale. Nikapiga picha, nikaweka na barua ya miadi ya hospitali, nikatuma jimu kwa imeili nikawauliza, mkataba wenu unasema lazima barua ya GP au uthibitisho wowote?

Kesho yake asubuhi jibu mstari mmoja, imesimamishwa. Hata pole hawakusema.