Ninavyojibu maswali ya historia ya dunia bila kuumbuka

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alikuwa mfupi kiasi gani? Sikimbilii kutaja namba. Kwanza naangalia namba hiyo ilipimwa kwa rula ya nani. Alipofariki kisiwani St. Helena, tarehe 5 Mei 1821, kimo kilichoandikwa kilikuwa futi 5 na inchi 2 na ushee, za Kifaransa. Inchi ya Kifaransa ilikuwa sentimita 2.707, ya Kiingereza ni 2.54. Futi 5 ni inchi 60, ongeza 2, zinakuwa 62. Zidisha kwa 2.707 upate kama sentimita 168. Zidisha 62 zile zile kwa 2.54 na unaangukia 157. Sentimita 10 nzima zimeyeyuka na hakuna aliyedanganya. Wachora katuni wa Uingereza, James Gillray akiwa mbele yao, walimchora kama kibushuti, basi namba ikakuta picha imeshatangulia. Kwa wanaume wa Ufaransa wa enzi zake, sentimita 168 hazikuwa ufupi.

Ndiyo maana kabla ya kufungua kitabu chochote naliandika swali upya na kupigia mstari neno linalolibeba. Mara nyingi neno ni moja tu: "urefu", "lini", "wa kwanza", "alisema", "tajiri". Kila moja lina mtego wake, na kwangu mtego wa "lini" ndio uliozoeleka na ndio unaosahaulika upesi.

Chukua Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, ambayo huadhimishwa Novemba. Urusi ya 1917 ilikuwa bado inatumia kalenda ya Julius, ambayo huongeza siku moja kila mwaka wa nne bila kuruka. Kalenda ya Gregory, iliyoanza 1582, huruka miaka ya karne isiyogawanyika kwa 400. Kwa hiyo 1600 na 2000 ilikuwa na Februari 29, lakini 1700, 1800 na 1900 haikuwa nayo. Kila mruko huo unaongeza pengo kwa siku moja: siku 10 tangu 1582, 11 baada ya Februari 1700, 12 baada ya Februari 1800, na 13 baada ya Februari 1900. Tarehe 25 Oktoba 1917 ukiijumlishia 13 unapata 38, toa siku 31 za Oktoba, inabaki 7 Novemba.

Hesabu ni nyepesi. Kinachoharibu mambo ni kubadilisha mara mbili: mwandishi wa kitabu kishaibadilisha tarehe, nawe unaiongezea 13 nyingine. Kinga yangu ni siku ya wiki, kwa sababu kubadili kalenda hakukuvuruga mfululizo wa siku. Uingereza ilipohama mwaka 1752, Jumatano tarehe 2 Septemba ilifuatwa na Alhamisi tarehe 14. Basi hati ikisema "Jumatano, 25 Oktoba 1917", najua ni ya Julius, maana kwa Gregory tarehe 25 ya mwezi ule ilikuwa Alhamisi. Nikikuta "Jumatano, 7 Novemba", naiacha ilivyo.

Hapo hapo hujibika swali la waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania, ambao husemwa walikufa siku moja, 23 Aprili 1616. Hispania ilikuwa tayari kwenye Gregory, Uingereza bado. Tarehe 23 Aprili ya Uingereza ilikuwa 3 Mei kwa Wahispania. (Cervantes, kwa usahihi zaidi, inaelekea alifariki tarehe 22, 23 ni ya mazishi.) George Washington ana mtego wa ziada: alizaliwa 11 Februari 1731 kwa hesabu ya zamani, wakati mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Kwa hesabu ya sasa ni 22 Februari 1732, hivyo siku zimesogea na mwaka umesogea. Ukisahihisha siku peke yake, unamzeesha kwa mwaka mzima.

Umri wa watu wa kale nao una shimo lake: hakuna mwaka sifuri. Kutoka 1 KK unaingia 1 BK moja kwa moja. Augustus, mfalme wa Roma, alizaliwa Septemba 63 KK, akafa Agosti 14 BK. Jumlisha 63 na 14 upate 77, toa 1 kwa sababu ya sifuri isiyokuwepo, inabaki 76. Bado hujamaliza: alikufa Agosti, kabla hajafikisha siku yake ya kuzaliwa, kwa hiyo alikuwa na miaka 75. Mtu anayejibu 77 amekosea mara mbili kwa hesabu ya darasa la pili.

Kuna "lini" nyingine isiyohusu kalenda. Vita Kuu ya Kwanza iliisha lini? Natoa tarehe zaidi ya moja na kila moja naibandika jina. Mapigano ya Ulaya magharibi yalisitishwa 11 Novemba 1918. Jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, chini ya Lettow-Vorbeck, liliweka silaha chini 25 Novemba huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Mkataba wa Versailles ulitiwa saini 28 Juni 1919. Anayetaka jibu moja nampa la kwanza, ila namwambia ni la kusitisha mapigano, si la amani.

Kwenye "wa kwanza" nadai neno linalofuata. Mwanamke wa kwanza kuongoza nchi? Kama ni waziri mkuu, ni Sirimavo Bandaranaike wa Ceylon (leo Sri Lanka), 1960. Kama ni mwenye cheo cha rais wa jamhuri, Isabel Perón wa Argentina, 1974, aliyekuwa makamu na akarithi kiti mumewe alipofariki. Kama ni rais aliyechaguliwa na wananchi moja kwa moja, Vigdís Finnbogadóttir wa Iceland, 1980. Majibu matatu, yote sahihi, na wanaobishana huwa kila mmoja kashika lake. Magellan vilevile: safari ya kuizunguka dunia ni yake, lakini aliuawa Mactan, Ufilipino, tarehe 27 Aprili 1521. Aliyeifikisha merikebu Victoria Hispania Septemba 1522, ikiwa na mabaharia 18 wa Ulaya, ni Juan Sebastián Elcano.

Maneno ya watu maarufu nayapima kwa umri na mahali. Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, na ile kauli ya "wale keki" kwa wasio na mkate: mwandishi Rousseau alikiandika kisa hicho katikati ya miaka ya 1760 kwenye kitabu cha maisha yake, akimtaja binti mfalme asiye na jina, na chakula chenyewe kikiwa brioshi, mkate laini wa siagi na mayai. Marie Antoinette alizaliwa Novemba 1755. Alikuwa mtoto wa miaka kama 10 akiishi Austria, na Ufaransa aliingia 1770. Tovuti 20 zinazomtaja hazinitishi, kwa sababu nikizifuata nyuma naona zinanakiliana.

Linalonipa kazi zaidi ni "tajiri kuliko wote". Mansa Musa, mfalme wa Mali, hutajiwa mabilioni ya dola, na sioni yametoka wapi: hakuna daftari la hazina yake, wala njia ya haki ya kugeuza dhahabu ya karne ya 14 kuwa fedha ya leo. Ninachoweza kuonyesha ni alama aliyoiacha sokoni. Alipita Kairo mwaka 1324 akielekea Makka, akagawa na kutumia dhahabu nyingi. Mwandishi Mwarabu Al-Umari, aliyeandika miaka kama 12 baadaye, anasema mithkali (kipimo cha uzito) ya dhahabu ilikuwa haishuki chini ya dirhamu 25, yaani sarafu za fedha, kabla ya ujio huo, na tangu hapo haikuvuka 22. Hayo ni maporomoko ya zaidi ya sehemu moja ya kumi, yaliyodumu miaka. Nikibanwa nitaje mabilioni, nataja dirhamu 3.