Yasini Moja hadi Pemba

Mama alizaliwa Wete, akaolewa Tanga, na tangu nipate akili Pemba kwetu ilikuwa mbali. Mbali kwelikweli. Ama upande jahazi la usiku, ulowe, utapike, na upepo ukikata ulale baharini. Ama ushike basi la Dar es Salaam kupitia Segera na Chalinze, kilomita kama 350, ndipo utafute boti ya Unguja na nyingine ya kuendelea. Safari yake ya mwisho jahazi lilipigwa vibaya na mawimbi, akaapa hapandi tena. Ikapita miaka 11.

Oktoba 2008 ikaja simu: bibi hali yake si nzuri, anamwita mwanawe. Sisi ndugu tukachangishana usiku uleule, asubuhi nikampeleka uwanja wa ndege.

Ndege ilikuwa ndogo, ya viti 12. Abiria walipimwa uzito pamoja na mizigo yao, na mama, mtu wa haya sana, alipanda mizani akiwa amelishika buibui lake kwa mikono miwili. Rubani akageuka kutoka kwenye kiti chake akatuambia ni dakika 20. Mama hakusema kitu. Alifungua msahafu wake mdogo, na magurudumu yalipoachana na ardhi akaanza Yasini.

Kutoka uwanja wa Tanga hadi ule wa Chake Chake, kwa mstari ulionyooka angani, ni kilomita 80 na kitu. Haizidi safari ya Korogwe. Nilikuwa nimeipima kwenye ramani kwa rula, lakini kuipima si kuiona. Maji ya karibu na pwani yalikuwa ya kijani, ghafla yakawa buluu nzito: ule ndio mkondo wa Pemba, kina chake kinapita mita 700, ndio uliomtisha mama miaka yote ile. Tuliuvuka kabla sijamaliza kuutazama.

Alikuwa hajafika "kun fayakun" ya mwishoni mwa sura nilipomgusa bega. Chini ilikuwa mikarafuu, kilima baada ya kilima. Akatazama, kidole kikiwa bado juu ya aya, machozi yakaanza kumtoka.

"Miaka kumi na moja, mwanangu. Mamangu yuko hapa hapa."

Gari la kutoka uwanjani hadi Wete lilichukua karibu saa nzima, muda mrefu kuliko ule wa angani. Karafuu zilianikwa majamvini kando ya barabara, harufu ikijaa garini. Yasini yake aliimalizia humo.

Bibi alikuwa macho. Alimshika mama mkono, akauliza tumekuja na jahazi la nani.

"Tumekuja kwa ndege, mama. Kumbe ni hapo tu."

"Ni hapo tu?" bibi akasema. "Basi mbona hukuja?"

Mama hakujibu. Alikaa chini kwenye mkeka, akaanza kumkanda miguu.