Kumbukumbu ya mradi: Kiswahili kilichogoma kwenye simu ya shangazi

Kimekubali! Jana saa nne usiku shangazi alibonyeza "Kiswahili" na skrini nzima ikageuka. Wiki tatu zimeishia hapo.

Programu ni ya Android, ya daftari la kikoba chetu cha kuweka na kukopa: hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii. Maneno ya Kiingereza yamo kwenye folda ya values, ya Kiswahili kwenye values-sw, na mtumiaji anajichagulia lugha ndani ya programu. Kwangu ilifanya kazi tangu siku ya kwanza. Kwa shangazi, ambaye ndiye mhazini, ikagoma. "Mwanangu, nimebonyeza Kiswahili, mbona bado inaniletea Kizungu?"

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba haikugoma yote. Tarehe zilibadilika, mwezi ukaandikwa Machi vizuri kabisa, ila vitufe na menyu vikabaki vya Kiingereza. Kwa hiyo lugha ilikuwa imepokelewa. Hata hivyo nilikesha kwenye msimbo wa kubadilisha lugha, attachBaseContext na createConfigurationContext, nikajaribu "sw" tupu, nikajaribu sw-TZ, nikahamia setApplicationLocales ya AppCompat, maktaba ya Android. Kila nikiisakinisha kwa waya kutoka Android Studio, inakubali. Akiishusha mwenyewe dukani, inagoma. Msimbo uleule, simu ileile!

Mwishowe nikachomeka simu yake ikiwa na toleo la dukani, nikaandika adb shell pm path na jina la programu, amri inayoonyesha faili za programu zilizomo kwenye simu. Zikatoka faili tatu: base.apk, split_config.en.apk, split_config.hdpi.apk. Faili ya sw haikuwepo. Nilikuwa nahangaika kufungua mlango wa chumba ambacho hakikujengwa.

Ndivyo AAB, kifurushi cha programu tunachopeleka dukani, inavyofanya kazi: duka linaikata programu vipande na kumpa mtu kipande cha lugha iliyowekwa kwenye simu yake. Simu ya shangazi imewekwa Kiingereza, kama zilivyo simu nyingi hapa mtaani. Yangu iko kwa Kiswahili, ndiyo maana sikuliona tatizo hata niliposhusha toleo la dukani. Na waya hupeleka APK nzima, haikati kitu.

Tiba ni mistari michache kwenye build.gradle, faili ya maagizo ya kujenga programu: ndani ya bundle, ndani ya language, enableSplit = false. Ukiishia hapo, lugha zote za AppCompat nazo zinaingia, hivyo nikaongeza resConfigs "en", "sw" ili zibaki hizo mbili tu. Ipo njia ya kuomba kipande cha lugha kishushwe pale mtu anapokichagua, lakini inataka intaneti, na kikao chetu hukaa chini ya mwembe huku nusu ya watu hawana bando. Nimeikataa.

Bundletool, zana ya Google ya kushughulikia AAB, inastahili sifa. Inakukatia vipande vilevile mezani kwako, ukaweka simu yako kwa Kiingereza na kuliona kosa kabla mhazini hajaliona. Sitatoa toleo tena bila kuipitia.

Nilipokuwa nazipitia faili nikakuta uchafu mwingine. Kwa Kiingereza nilikuwa na mstari mmoja wa kufuta, na %s, yaani nafasi ya kuwekea neno, ikajazwa chochote. Kwa Kiswahili haiwezekani: mkopo umefutwa, faini imefutwa, hisa zimefutwa, mwanachama ameondolewa. Mstari mmoja umezaa minne, na nimeiandika yote minne. "Mkopo imefutwa" haitaonekana kwenye programu yangu.

Wiki hii nilipanga kutengeneza ripoti ya PDF ya mgao wa mwisho wa mwaka. Nimeiweka kando, kwa sababu shangazi ameniuliza: "Na Kisukuma je? Bibi zako pale kikobani wanasoma Kisukuma." Tangu hapo sijatulia. Nataka maneno yakae kwenye JSON, faili ya maandishi ya kawaida, ndani ya folda ya assets, niyapakie mwenyewe, ili mtu asiyejua Android aweze kusahihisha faili. Nimeshaandika kipakiaji na kinasoma. Kinachogoma ni maandishi yaliyofungwa kwa @string kwenye faili za XML zinazopanga skrini: hayapiti kwenye kipakiaji changu, yanakwenda moja kwa moja kwenye resources, zile folda za values. Itabidi kila skrini niijaze mwenyewe kwenye msimbo kwa setText, skrini kumi na moja.

Nimemaliza mbili. Shangazi ameanza kutafsiri kwenye daftari la mistari, na kwenye faili ya Kiswahili amekwisha kunikata neno: "malipo ya mkopo" hawalisemi kikaoni, wanasema "marejesho". Nimelibadilisha usiku uleule.