Vézelay: zunguka kilima kwanza, ndo uingie

Watu wengi wanaoenda Vézelay wanafika kwa gari, wanapaki pale chini kwenye uwanja, wanapanda ile barabara moja yenye maduka mpaka juu, wanaingia basilika, picha mbili tatu, wanashuka. Masaa mawili imeisha. Na mimi mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo, nikarudi nyumbani nikiwa nimeona kanisa zuri basi. Safari hii nimeenda na shangazi yangu, mama wa miaka 63, anaishi Ufaransa miaka mingi na anatembea kuliko mimi, na yeye ndo aliyesema hicho kijiji hatukiingii mpaka tumekizunguka, maana wale wa zamani walifika kwa miguu na wakakiona kutoka mbali siku nzima kabla ya kukigusa. Nimeelewa alichomaanisha na ndo maana naandika.

Kwa asiyeijua, Vézelay ni kijiji cha Burgundy, mkoa wa Yonne, kimekaa juu ya kilima peke yake kama kofia. Wakazi hawafiki 500. Juu kabisa, kama mita 300 kutoka usawa wa bahari, liko basilika la Mtakatifu Maria Magdalena, na chini bondeni unapita mto Cure unaotoka milima ya Morvan. UNESCO waliweka basilika pamoja na kilima kwenye urithi wa dunia mwaka 1979. Kilima pia, sio kanisa tu, na ukizunguka unajua kwa nini.

Sisi tulilala Saint-Père, kijiji kidogo kilichoko chini ya kilima kando ya mto, kama kilomita mbili kutoka Vézelay. Ukija kwa treni unapanda Paris Bercy mpaka stesheni ya Sermizelles-Vézelay, halafu zimebaki kama kilomita 10, na hapo panga teksi mapema maana ukishuka tu bila mpango unaweza kukaa sana.

Ilikuwa siku chache baada ya tarehe 21 Juni na hii tarehe tuliichagua makusudi, nitaeleza mbele. Tulitaka tuwe ndani ya basilika kabla ya saa nane mchana, kwa hiyo saa moja na nusu asubuhi tuko njiani, baguette kwenye begi, jibini, nyanya, lita tatu za maji kwa watu wawili. Suruali ndefu na soksi juu ya suruali, hata kama kuna joto, kwa sababu ya kupe. Hilo msilidharau, kwenye majani marefu ya huku kupe wako na wanaleta ugonjwa wa Lyme, jioni lazima ujikague nyuma ya magoti na kwenye kwapa.

Kabla hatujaondoka Saint-Père tulisimama kidogo mbele ya kanisa lao, Notre-Dame. Ni la mtindo wa gothiki, na kwenye pembe za mnara kuna malaika wa mawe wanapuliza tarumbeta. Jua la asubuhi lilikuwa limewafikia wao tu, sisi chini bado tuko kivulini. Kijiji kizima kimya, njiwa tu.

Halafu tukashika njia ya kaskazini kuelekea Asquins. Kipande hiki ni rahisi, bonde, mashamba ya ngano karibu kuvunwa, yale maua mekundu membamba pembeni, ng'ombe weupe wa Charolais wanakutazama mpaka upite. Na muda wote, mkono wa kushoto, kile kilima. Kila ukitembea dakika kumi kinabadilika sura. Kwanza minara inaonekana imeshikana, baadaye inaachana, halafu kuta zinajitokeza, halafu mizabibu kwenye mteremko, halafu miti inaficha kila kitu na unabaki unatafuta. Shangazi alikuwa anasimama kila mara anasema angalia sasa, angalia sasa. Nilianza kuona kama tunachelewa ila kwa kweli ule ndo ulikuwa mwendo wenyewe.

Niseme kuhusu alama, maana wageni wengi wanapata shida. Ufaransa njia ndefu za GR zina mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, imepakwa kwenye miti, mawe, nguzo, na hapa inapita GR 13. Njia fupi za kuzunguka na kurudi zina mstari wa njano. Na pande hizi kuna magamba ya kombe vilevile, ya mahujaji wa kwenda Santiago de Compostela kule Hispania, kwa sababu moja ya njia zao kubwa inaanzia Vézelay hapohapo. Mistari miwili sambamba maana yake endelea, ukiona imepindwa basi ni kona, na ukiona msalaba wa X sio njia, rudi. Mimi karibu na Asquins nilikuwa naongea nikaipita X bila kuiona tukaenda kama robo saa mpaka kwenye geti la shamba la watu. Tukarudi. Toka hapo shangazi ndo akawa anatangulia. Ramani ya karatasi ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, ya skeli ya 1:25 000 ni nzuri sana kuwa nayo, mtandao bondeni unakatika.

Asquins tulipumzika kwenye kanisa la Mtakatifu Yakobo, nalo liko UNESCO, limeingizwa 1998 pamoja na njia za Compostela za Ufaransa. Tulijaza maji makaburini. Wanaotembea sana huku wanajua hili, makaburi ya vijijini karibu yote yana bomba kwa ajili ya watu kumwagilia maua, na kama halijaandikwa kwamba maji hayafai kunywa watu wanajaza chupa zao. Shangazi alisalimia marehemu kwanza ndo akafungua bomba. Nilipenda sana.

Kutoka Asquins sasa unapanda. Njia ya mawe ya chokaa, meupe yanang'aa, kivuli kidogo, na mteremko hauna utani. Tulipanda polepole, hatua fupi, hatuongei. Karibu na juu ukiwa bado nje ya kuta unafika La Cordelle, kijikanisa kidogo sana katikati ya miti, na hapa naomba nikae kidogo.

Tarehe 31 Machi 1146, siku ya Pasaka, mtawa Bernard wa Clairvaux alisimama kwenye mteremko huu akahubiri Vita vya pili vya Msalaba, yaani Wakristo wa Ulaya waende kupigana Mashariki ya Kati, mbele ya mfalme Louis wa 7 na umati ambao usingetosha ndani ya kanisa, ndo maana wakawa nje. Inasimuliwa kwamba misalaba ya nguo waliyokuwa wameandaa kugawa iliisha, akachana mavazi yake mwenyewe kutengeneza mingine. Vita ile ilishindwa, watu wengi mno hawakurudi. Mwaka 1190 wafalme Philip Augustus wa Ufaransa na Richard wa Uingereza wakakutana Vézelay tena kuanza Vita vya tatu vya Msalaba. Halafu kwenye eneo lilelile wakaja kukaa Wafransisko, karne ya 13, ndugu wa yule Fransisko wa Asizi aliyeenda mwenyewe kuongea na sultani wa Misri bila silaha. Mahali pamoja, miaka haijafika mia. Ndani ya kijikanisa hamna kitu, kuta nyeupe na baridi na benchi chache. Tulikaa humo dakika ishirini labda. Shangazi alisali, mimi nilikuwa nawaza wale vijana wa vijijini waliosikiliza mahubiri siku ile wakaacha majembe wakaenda.

Kutoka pale ni dakika chache unaingia kijijini kwa mlango wa Sainte-Croix, na uzuri wa kuingia upande huu ni kwamba hupiti madukani kwanza, unatokea nyuma ya basilika, kwenye uwanja wenye miti mikubwa, na ukigeuka unaona bonde lote ulilotembea asubuhi. Asquins ile pale. Mto ule pale kwenye mstari wa miti. Saint-Père na mnara wake kule. Shangazi alikuwa ananyoosha kidole njia nzima, pale tulipotea, pale tulikula nyanya. Ukifika kwa gari unaona mandhari tu, ila sisi tulikuwa tunaona asubuhi yetu.

Saa saba na nusu tuko ndani. Sasa ile sababu ya tarehe. Waliojenga lile kanisa karne ya 12 walilipanga hivi kwamba siku za katikati ya kiangazi, jua likifika juu kabisa, mwanga unaoingia kwenye madirisha ya juu upande wa kusini unaanguka sakafuni katikati kabisa ya kanisa, madoa tisa yamepangana mstari mmoja kutoka mlangoni kwenda madhabahuni. Saa ya mkononi inakuwa kama saa nane kasoro robo, kwa sababu Ufaransa kiangazi wanasogeza saa mbele kwa hiyo adhuhuri ya jua yenyewe inachelewa. Siku chache kabla na baada ya tarehe 21 bado unaona vizuri, na watu wanakuwa wachache kidogo. Tulikaa pembeni tukasubiri. Yale madoa yanatembea taratibu sana, huoni yakitembea ila ukiangalia nguzo halafu ukirudi yameshasogea, na halafu kuna dakika ambayo yote yako katikati. Hakuna aliyeongea. Mtoto mmoja alianza kuruka kutoka doa moja kwenda lingine, mama yake alimwacha.

Na fikiria kidogo lilivyokaribia kupotea. Mwaka 1120 kanisa lililotangulia liliungua pamoja na mahujaji, wanasemekana zaidi ya elfu moja. Wakajenga hili. Mwaka 1279 kusini huko Saint-Maximin wakatangaza kwamba masalia (mifupa) ya Maria Magdalena, ambayo mahujaji walikuwa wanayafuata Vézelay, wanayo wao, mahujaji wakahama na pesa ikahama nao. Vita vya dini vikapita, Mapinduzi ya Ufaransa yakapita, na Prosper Mérimée, aliyekuwa mkaguzi wa majengo ya kihistoria, alipofika 1834 alikuta jengo liko hatarini kuanguka. Mwaka 1840 kazi ya kuliokoa akapewa Viollet-le-Duc, mbunifu wa majengo, kijana wa miaka 26. Wapo wanaosema alibadilisha mno vitu vya nje, na kweli mbele ya kanisa panaonekana papya kuliko ndani, ila mimi nikikaa mule namshukuru.

Usitoke bila kuangalia vichwa vya nguzo. Kuna mmoja Musa anamimina nafaka kwenye kinu na Paulo anakinga unga chini, yaani sheria ya zamani inasagwa inakuwa mkate. Na usitoke bila kusimama kwenye ukumbi wa mbele chini ya lile jiwe la nusu duara juu ya mlango mkuu. Kristo katikati anawatuma mitume, na pembeni na chini yake wamechongwa watu wa dunia nzima wanaosubiri kufikiwa, jinsi watu wa Burgundy miaka 900 iliyopita walivyowawaza: wenye vichwa vya mbwa, wenye masikio makubwa kama ungo, mbilikimo anayepanda farasi kwa ngazi. Tulisimama pale muda mrefu, sisi tuliotoka mbali kweli. Shangazi akasema, hawakuwahi kutuona lakini walituwekea nafasi mlangoni. Sijui kama wachongaji walifikiria hivyo, ila sijaacha kuliwaza hilo neno.

Kijiji chenyewe tulikipita kushuka, zile kombe za shaba zimezikwa kwenye lami zinakuonyesha njia, nyumba ya Romain Rolland aliyeshinda Nobel ya fasihi ya mwaka 1915 na kufia hapahapa Desemba 1944. Maduka ni mazuri ila ghali, tulinunua kahawa tu. Tukatoka kwenye kuta tukashuka kati ya mizabibu, divai nyeupe ya hapa ilipewa jina lake rasmi la Vézelay mwaka 2017, mpaka Saint-Père tena, na tungeweza kuishia hapo kwa sababu mzunguko ulikuwa umefungwa. Simu ilisoma kilomita 10 na kidogo.

Ila shangazi alikuwa bado anataka Fontaines Salées, kama kilomita mbili kusini kufuata bonde, kwa hiyo tukaenda na miguu ikiwa mizito. Ni chemchemi za maji ya chumvi. Warumi walijenga bafu hapa, misingi yake bado iko, lakini kilichonigusa ni visima vyenyewe, magogo ya mwaloni yaliyotobolewa katikati yakazamishwa ardhini na watu wa zaidi ya miaka 4000 iliyopita, na bado yako pale, na maji bado yanatoka, mapovu yanapanda moja moja polepole kutoka chini. Kuna kiingilio kidogo na majira ya baridi panafungwa, angalieni kabla hamjaenda. Tulikuwa wawili tu. Ukiinua kichwa basilika linaonekana juu kule, dogo, na ukiinama unaona gogo lililowekwa miaka elfu tatu kabla halijajengwa. Shangazi alivua viatu, akakaa kwenye nyasi, akaniomba ile nusu ya baguette iliyobaki.