Wajomba Wangu Wawili

Mtoto wa dada yangu alipoanza kuugua nimonia ya kurudiarudia akiwa na miezi minne, mdomo umejaa utando mweupe na kuhara hakukomi, jambo la kwanza alilofanyiwa hospitalini hapa Kisumu ni kupimwa virusi vya ukimwi. Hakuwa navyo. Akapimwa tena. Sikuwalaumu wauguzi, kwa kuwa jina lenyewe linatuponza: ukimwi ni kifupi cha upungufu wa kinga mwilini, na tangu maneno hayo yatwaliwe na ugonjwa mmoja, mtoto aliyezaliwa bila kinga kwa sababu ya jeni hana jina la kuitwa.

Kwa shemeji walisema ni chira, yaani maradhi yaletwayo na kuvunja mwiko, wakaanza kuchunguza ni mwiko gani uliovunjwa katika boma lao. Daktari wa watoto aliuliza kuhusu upande wa pili kabisa: je, kwa kina mama kuna wavulana waliokufa wachanga? Nyanya, aliyemzaa mama yetu, alinyamaza kwa muda, kisha akainua vidole viwili. Sikuwa nimewahi kusikia wajomba hao wakitajwa.

Daktari aligeuza kijitabu cha kliniki, akachora nyuma yake miraba kwa wanaume na miduara kwa wanawake, akaikata miraba miwili kwa mstari wa mshazari. Mwanamke ana kromosomu X mbili, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, mwanamume anayo moja. Jeni iitwayo IL2RG, ambayo uhusiano wake na ugonjwa huu wa kuzaliwa bila kinga uligunduliwa mwaka wa 1993, imo katika X, na kazi yake ni kuunda sehemu ya kipokezi ambacho seli changa za kinga hupokelea amri ya kukua. Ikiharibika, seli T, zinazoongoza ulinzi wa mwili, hazipatikani, na seli B, ingawa zipo, hazitengenezi kingamwili za maana, zile protini za kunasa vijidudu. Mama mwenye nakala moja mbovu huwa mzima, maana ile nyingine humtosha. Mwanawe wa kiume hana ya akiba. Zipo jeni nyingine, kama ADA na RAG1, ambazo kasoro zake lazima zitoke kwa wazazi wote wawili, nazo huwapata hata wasichana.

Tiba ni kupandikizwa uboho, jambo lililofanikiwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka wa 1968, na hufaa zaidi kabla maambukizi hayajatangulia. Kwetu yalikuwa yametangulia. Alifariki akiwa na miezi saba, na majibu ya jeni yakaja baada ya mazishi.

Kinachonirudia ni kidonda cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, katika mkono wake wa kushoto, ambacho hakikufunga, na tezi za kwapani zilizovimba. Chanjo hiyo ni ya bakteria hai waliodhoofishwa. Mtoto mwenye kinga huwamudu, yeye hakuweza. Mimi nilimwambia dada kwamba kidonda cha chanjo ni kawaida.

Sasa nina mimba ya miezi sita, na mimi na dada tumetoka tumbo moja. Katika ukurasa wa kwanza wa kijitabu changu nimeandika kwa kalamu nyekundu: akiwa mvulana, asichanjwe BCG kabla damu yake haijapimwa.