Sekunde Mbili za Ukimya

Simu ya dada yangu ilinikuta kazini, na kabla sijamaliza kumwamkia aliniambia kwamba diski ya nje alimohifadhi sauti za marehemu baba ilikuwa imeanguka kutoka mezani huku ikifanya kazi, na kwamba kompyuta sasa ilikuwa ikimuuliza kama anataka kuifomati. Nilimsihi asibonyeze chochote, achomoe kebo na aniletee diski ile kama ilivyo. Agizo lilikuwa sahihi, lakini diski ilipofika mikononi mwangu mimi mwenyewe sikulifuata.

Usiku ule niliichomeka na kuichomoa mara nyingi, nikabadilisha kebo, nikahamia tundu jingine la USB, nikajaribu kompyuta ya pili, kila mara nikitumaini kwamba safari hii folda zingefunguka. Visahani vya ndani ya diski, ambavyo ndivyo hubeba data, vilianza kuzunguka kwa mvumo wao wa kawaida, kisha ukasikika mkwaruzo mfupi, kimya, na mkwaruzo tena. Nilikuwa najua, ila sikutaka kukumbuka, kwamba katika diski ya aina ile visahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu bila kugusa. Kichwa kilichoumia kinaweza kuparuza uso wenye data kila umeme unapowashwa, kwa hiyo kila jaribio langu lingeweza kuwa ndilo linalofuta maneno ya baba. Ukweli huo uliponiingia, niliizima diski, nikaifunga katika kitambaa na sikuigusa kwa siku mbili. Kuna aliyetushauri tuigandishe kwenye friji, nikakataa, kwa maana unyevu unaotunga ndani diski inapopata joto tena huleta madhara mapya.

Siku mbili hizo nilizitumia kusoma na kuandaa vifaa. Kama diski ingekuwa inagonga tu kwa mapigo yaleyale bila kutambuliwa na kompyuta, nisingeligusa suala hilo hata kidogo, kwa sababu kazi ya kubadilisha vichwa hufanyika katika maabara yenye hewa iliyochujwa vumbi. Diski yetu, hata hivyo, bado ilijitambulisha na kutaja ukubwa wake kamili wa terabaiti 1. Nilitafuta diski nzima yenye nafasi kubwa zaidi, nikawasha kompyuta kwa mfumo endeshi wa Linux kutoka kwenye flashi, nikatumia GNU ddrescue, programu ya kuokoa data kutoka diski mbovu.

Programu hiyo naiheshimu mpaka leo kwa busara yake. Haijali faili wala folda; hunakili sekta, yaani vipande vidogo vya diski, kimoja baada ya kingine kutoka diski mbovu kwenda nzima, na ikikwama mahali hairudii-rudii, bali huruka mbele na kuchota kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi. Baada ya hapo ndipo hurudi kwenye mapengo, ikiyapunguza kutoka kingoni. Kila hatua huandikwa katika faili ya ramani, hivyo kazi ikikatika huendelea pale ilipoachia. Mimi, kwa pupa yangu ya usiku wa kwanza, nilikuwa nimetaka kuifikia folda ya baba kwanza, yaani nilikuwa nakilazimisha kichwa kigonjwa kurukaruka huku na huku badala ya kukiacha kisome kwa mfululizo.

Sehemu kubwa ilinakiliwa katika saa chache za mwanzo. Kilichobaki kilichukua siku nne. Mara mbili diski ilitoweka kabisa kwenye kompyuta. Niliizima, nikaiacha ipoe, nikaendelea. Siku ya mwisho niliiamuru programu isome kurudi nyuma, kutoka mwisho wa diski kuelekea mwanzo, na mapengo kadhaa yaliyokuwa yamekataa upande mmoja yakakubali upande wa pili. Zilibaki megabaiti 41 ambazo hazikusomeka kwa njia yoyote.

Sasa nilihitaji kujua megabaiti hizo zilikuwa za nini. Nilitengeneza nakala ya ile nakala, nikaifanya ddrescue ijaze kila pengo kwa neno moja nililolichagua, kisha nikalitafuta neno hilo ndani ya faili zote. Mapengo mengi yaliangukia sehemu tupu na video za zamani ambazo dada alikuwa nazo kwingine. Kati ya rekodi 23 za baba, iliyoguswa ilikuwa moja, tena mahali pamoja tu: sekta 86 zilizofuatana, kila moja ya baiti 4,096. Kwa sauti isiyobanwa, yenye kutumia baiti 176,400 kwa sekunde, hizo ni sekunde mbili.

Dada alikuja jioni. Tulikaa mbele ya spika, nikacheza rekodi ile kutoka kwenye nakala ya kwanza, ambamo pengo lilikuwa tupu. Baba alikuwa akisimulia jinsi alivyojifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwa msaada wa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa akibaki naye kila zamu ilipokwisha. Tulimsikia akivuta pumzi, akasema, "Na huyo bwana aliitwa," kisha sauti ikakatika kabisa, hata mlio wa feni uliokuwa nyuma yake haukusikika. Baada ya sekunde mbili feni ilirudi, na baba alikuwa anacheka.

Nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo. Rekodi zile alizichukua dada peke yake, mimi nikiwa mbali. Niligeuka kumwomba radhi.

"Mdogo wangu," aliniambia, "andika." Akalitaja jina la yule bwana, lake na la baba yake, herufi kwa herufi, nami nikaliandika katika faili ndogo ya maandishi na kuiweka kando ya rekodi, katika nakala yake na katika yangu.