Hela ya geti sio inayojenga lami

Juzi natoka Kasulu na Noah yangu, nyuma nimempakilia ma'mdogo gunia zake sita za maharage tunaenda Kigoma mjini, tumefika getini kijana kashika mashine ya POS ya kukatia risiti anataka ushuru. Nikamwambia kaka hizi hazifiki hata tani, na tangu 2017 serikali ilishafuta ushuru wa mazao yasiyozidi tani moja yakitoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ananiangalia tu, anasema mfumo haujui hayo. Tukakaa pale kama nusu saa, jua kali, ma'mdogo akafungua fundo la kanga akalipa, afu akanigeukia: "Mwanangu acha ubishi, si ndo hela hii imejenga lami unayokanyaga?"

Hapana ma'mdogo.

Ushuru wa mazao unaingia halmashauri, asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, huko unaenda kwenye madarasa, zahanati, posho za vikao (hizo hazikosi), na asilimia 10 ya mapato ya ndani ndo ile mikopo ya kina mama, vijana na wenye ulemavu. Mkoa wenyewe kama mkoa hauna kodi yake hata moja, watu wengi hawajui hilo.

Barabara tunailipia sheli. Kwenye kila lita kuna tozo inayoingia Mfuko wa Barabara, na 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za mitaani na vijijini, yaani zile za TARURA. Mimi siku ya kazi naweka lita kumi, kwahiyo hiyo nyongeza peke yake ni buku kila siku, na kale kanjia ka kuingia kwangu mvua ikinyesha napaki Noah dukani kwa jirani natembea na viatu mkononi. Ila hata huo Mfuko kisheria si chini ya asilimia 90 ni matengenezo, kuziba mashimo na kuzibua makaravati, sio kujenga mpya. Ujenzi mkubwa ni Hazina na mikopo. Daraja la Kikwete pale Malagarasi ni mkopo wa Korea Kusini, Kabingo–Kasulu–Manyovu kilomita 260 ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mikopo hiyo inalipwa na kodi za nchi nzima, mtu wa Mtwara anachangia na sisi huku mwisho wa reli tunamchangia yeye.

Wenzetu kuna walikofanya kivingine. Lile daraja jekundu la Golden Gate kule California, kaunti sita zilijiunga, 1930 wananchi wakapiga kura kukubali nyumba na mashamba yao yawe dhamana ya hati fungani (yaani mkopo unaochukuliwa kwa wawekezaji) za dola milioni 35, likafunguliwa 1937, na deni likaisha 1971 kwa hela ya tozo za magari yanayovuka. Hebu fikiria umwambie mtu wa Uvinza aweke shamba lake la michikichi dhamana ya daraja, kikao hakifiki hata ajenda ya pili.

Ila wale angalau walijua wanalipia nini.

Risiti ya geti ninayo. Jumatatu naenda nayo kwa diwani, nataka anihesabie mwenyewe gunia ngapi za maharage zinafika tani.